Karabai Juu ya Meza ya Mwalimu

Katika shule nyingi za msingi kipindi cha insha huanza na kwisha kwa namna moja. Mwalimu anaandika kichwa ubaoni, "Likizo Yangu" au "Ajali Niliyoishuhudia", anapiga mstari chini yake, anawaambia watoto waandike na wakimaliza wakusanye madaftari. Darasa linanyamaza. Watoto wanatafuna vifuniko vya kalamu, wanachungulia kwa jirani, na baada ya muda mistari ya mwanzo ya kila daftari inafanana: siku moja asubuhi na mapema, jua likichomoza, ndege wakiimba. Hakuna aliyewasikia ndege hao. Wamerithiwa kutoka kwa kaka na dada waliopita darasa hilo hilo.

Simlaumu mwalimu huyo. Ana watoto sitini au zaidi, madaftari anayabeba mpaka nyumbani, na mtihani wenyewe haumdai zaidi ya hapo. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi Tanzania, kwa miaka mingi sehemu iliyoitwa Utungaji ilimpa mtahiniwa sentensi zilizochanganywa, azipange kwa mtiririko kwa kuzipa herufi. Ni zoezi zuri la kufikiri, lakini sentensi zenyewe zimeshatungwa na mtu mwingine. Wenzetu wa Kenya walikuwa na karatasi ya Insha katika KCPE, mtihani wao wa kumaliza elimu ya msingi, dakika 40 za kuandika, hadi mtihani huo ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mtahiniwa huandika insha mbili, kila moja isipungue maneno 400. Huko nako kiu ya alama imeleta maradhi yake: vitabu vya mwongozo vilivyojaa methali na tashbihi za kukariri, mtoto azipachike popote patakapotokea nafasi.

Kwa hiyo nikisikia pana mwalimu ambaye watoto wake wanakisubiri kipindi cha insha, naomba ruhusa nikakae dawati la nyuma. Mmoja wao anafundisha darasa la tano mjini Tanga. Hapendi kutajwa jina, nami naheshimu. Nitamwita Mwalimu tu, kama watoto wake wanavyomwita.

Siku niliyomkuta, aliingia na karabai. Watoto walisimama, "Shikamoo Mwalimu!", akaitikia "Marahaba, kaeni", akaiweka ile taa mezani bila neno. Ilikuwa karabai ya kazi, bati limebonyea, kioo kimeshika masizi upande mmoja. Hakusema leo tutaandika insha. Aliuliza tu, "Nani anakijua hiki?"

Mikono kumi ikapanda. Taa. Taa ya nini? Ya kuvulia dagaa. Wanavuliwaje kwa taa? Hapo mikono ikapungua, ukabaki mmoja kule nyuma, wa mvulana ambaye mpaka wakati huo sikuwa nimemwona. Baba yake anavua usiku na samaki wake huwashusha soko la Deep Sea. Mwalimu akamwita mbele. Mtoto akaishika karabai kama mtu anayeshika kitu cha kwao, akaonyesha pa kujazia mafuta, akaonyesha pa kupampu, akafika kwenye utambi. "Huu ukishawashwa mara ya kwanza unageuka majivu," alisema. "Unakaa vilevile, unawaka, lakini ni majivu. Ukiugusa tu, umekwisha."

Msichana wa safu ya mbele akauliza, "Sasa chombo kikiyumba?" Yule mvulana akafikiri. "Ndiyo maana baba huibeba mwenyewe. Hampi mtu." Mwingine akataka kujua kwa nini kuna siku wavuvi hawaendi. Akajibu kwamba mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, bahari yote imeshakuwa nyeupe.

Niliangalia saa. Nusu ya kipindi ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeandika hata herufi moja. Ubaoni palikuwa na maneno machache tu, yote yametoka vinywani mwa watoto: kupampu, masizi, utambi, majivu, giza la mwezi. Mwalimu hakuongeza la kwake. Baadaye nilijua kwamba yeye mwenyewe ni binti wa mvuvi na karabai ile ni ya nyumbani kwao. Angeweza kuieleza vizuri kuliko yule mtoto, na angeieleza kwa dakika tatu. Alinyamaza, akamwachia. Nadhani hiki ndicho kipaji kigumu kuliko vyote katika kazi ya ualimu: kujua jambo na kumwacha mwingine alitafute, aliseme kwa maneno yake, huku wewe umesimama kando na chaki mkononi.

Kisha akatoa agizo, na agizo lenyewe nililiandika palepale. "Geuka kwa jirani yako. Mwambie jambo moja kuhusu chombo cha kazi cha nyumbani kwenu, jambo ambalo yeye halijui." Sharti zima liko katika maneno yale ya mwisho. Mtoto hawezi kusema kisu hukata au sufuria hupikia, kwa sababu jirani anajua. Lazima akumbuke kitu. Darasa likalipuka kwa mazungumzo. Nyuma yangu msichana alikuwa anasimulia kwamba chuma cha vitumbua cha mama yake kina tundu moja la katikati ambalo halitiwi unga, kwa sababu huunguza. Mwingine alisema bibi yake akisuka mkeka hulowesha ukindu kwanza, na vidole vyake vimejikunja kwa kusuka, havinyooki tena. Jirani yake akauliza, "Hata akilala?" Swali kama hilo hakuna mwongozo wa insha utakaokufundisha kuliuliza.

Ndipo wakaandika.

Mwalimu akaanza kupita kati ya madawati, naye hapiti kukemea. Anasimama, anasoma, anauliza swali moja, anaondoka kabla hajajibiwa. Alipofika kwa mtoto wa mvuvi akakuta ameandika: "Baba yangu ni mvuvi hodari sana na sisi tunampenda sana." Ni sentensi isiyo na kosa hata moja. Sarufi imekaa, tahajia imekaa, mkaguzi angeipa alama ya vyema. Mwalimu akaisoma kwa sauti ya chini, akasema, "Mimi simjui baba yako. Akirudi asubuhi hufanya nini kwanza?"

Mtoto akasema hunawa miguu.

"Halafu?"

"Hazungumzi na mtu mpaka anawe miguu. Mama anaweka ndoo mlangoni. Akishanawa ndiyo anatusalimia."

"Andika hiyo," akamwambia, akaenda zake.

Nilimwomba yule mtoto anionyeshe daftari kipindi kilipokwisha. Ile sentensi ya kwanza aliikata kwa mstari mmoja, na chini yake ameandika: "Baba akirudi kutoka baharini hasemi na mtu. Mama huweka ndoo mlangoni. Akishanawa miguu ndipo anatusalimia, na mkono wake unanuka mafuta ya taa." Mkono unaonuka mafuta ya taa hakuusema kwa Mwalimu. Ulikuja wenyewe, baada ya ndoo. Neno "hodari" limetoka, neno "tunampenda" limetoka, na yote mawili yamo ndani.

Watu wengi wakitafuta namna ya kuchangamsha kipindi cha insha hukimbilia michezo, zawadi, nyimbo za kuanzia somo. Vyote vina nafasi yake. Lakini nilichokiona kwa Mwalimu ni kwamba mtoto huchangamka pale anapogundua kuwa ana habari ambayo mwenzake anaitaka. Ukishampa mtu wa kumwandikia, kazi ya kumsukuma inakwisha. Mtoto huyu alikuwa akiandika kwa ajili ya yule msichana aliyeuliza kama chombo kikiyumba, na kwa ajili ya mwalimu asiyemjua baba yake.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1920 kijana mmoja Mfaransa, Célestin Freinet, alianza kufundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa. Alikuwa ametoka katika Vita Kuu ya Kwanza na jeraha la mapafu, na kuongea kwa muda mrefu kulimchosha. Mwalimu asiyeweza kuhutubia darasa inambidi atafute njia nyingine. Akawa anatoka na watoto kutembea, wanaangalia mafundi, mashamba na mto, wakirudi wanaandika waliyoyaona. Mwaka 1924 akaingiza darasani mashine ndogo ya kuchapia. Watoto walisoma maandishi yao mbele ya wenzao, wakapiga kura kuchagua moja, wakalisahihisha pamoja ubaoni, kisha wakalipanga kwa mikono yao, herufi moja moja za madini ya risasi. Mtoto anayepanga neno kwa herufi za namna hiyo hawezi kuruka hata moja, maana kila moja inambidi aiokote kwa vidole.

Kuanzia mwaka 1926 kurasa hizo zikawa zinasafiri. Zilipelekwa kwa watoto wa Trégunc, pwani ya Bretagne, upande wa pili wa nchi, nao wakaleta za kwao. Watoto wa milimani wakawa wanasoma habari za bahari zilizoandikwa na watoto wenzao, na wale wa baharini wakasoma habari za milima. Freinet aligombana na wakubwa kwa ajili ya mambo kama haya, akaacha shule ya serikali, na mwaka 1935 akafungua shule yake Vence. Alifariki mwaka 1966. Yapo mengi ya kubishana naye, lakini ile safari ya kurasa kutoka mlimani kwenda baharini naiona kuwa mojawapo ya mawazo mazuri kabisa yaliyowahi kumtokea mwalimu.

Mwalimu wangu wa Tanga hana mashine ya kuchapia, wala hakuniambia kama amewahi kumsikia Freinet. Ana rafiki waliyesoma pamoja chuo cha ualimu ambaye sasa anafundisha Lushoto, kule juu Usambara kwenye baridi. Insha za darasa lake hutiwa katika bahasha kubwa, akapewa konda wa basi, na jioni zimefika. Za Lushoto hurudi kwa njia hiyo hiyo. Alinionyesha majibu ya insha za karabai. Mtoto mmoja wa mlimani alikuwa ameuliza maswali manne, mojawapo hili: kama baharini kuna upepo, mbona taa haizimiki? Yule mtoto wa mvuvi hakuwa amekitaja kioo. Kwake kioo cha karabai ni jambo la kila siku, halina haja ya kusemwa. Akaandika aya nzima kujibu, na aya hiyo, kwa macho yangu, ndiyo bora kuliko zote alizoandika muhula ule. Naye akauliza la kwake: huko kwenu, kabichi likipigwa na baridi huwa linakuwaje?

Mwalimu asingeweza kumfundisha somo lile kwa kalamu nyekundu. Ungeandika pembeni "eleza zaidi" mara mia, na mtoto asijue aeleze nini.

Juu ya kalamu nyekundu yenyewe ana utaratibu, nao unahitaji moyo mgumu. Kila wiki anachagua kosa la aina moja tu, analitangaza mapema, na hilo ndilo atakalolisahihisha. Wiki niliyokuwapo walikuwa wakiwinda maneno yaliyokatwa pasipo na pa kukatwa, "nili kwenda", "ana penda", na yale yaliyounganishwa bila ruhusa, "kwasababu", "kwahiyo". Makosa mengine aliyaona na akayapita. Wazazi wengine humlalamikia. Yeye hujibu kwamba mtoto akirudishiwa daftari lililovuja damu halisomi, hulifunga haraka mwenzake asione. Akirudishiwa daftari lenye alama tano chini ya maneno matano ya aina moja, analirekebisha palepale, na wiki ya pili halirudii. Mwisho wa insha hamwandikii "vizuri, ongeza bidii". Anamwandikia swali. Kwenye ile ya chuma cha vitumbua aliandika: "Nani aligundua kwamba tundu la katikati linaunguza?" Msichana alikwenda nyumbani kuuliza, akarudi na hadithi ya bibi mzaa mama.

Methali hakuzikataza, maana mtoto wa Pwani asiye na methali amepungukiwa. Ameweka sharti moja: itumie kama unaweza kumtaja mtu uliyemsikia akiisema, na siku ile palikuwa na nini. Kwa sharti hilo peke yake, methali za kupachika zimekwisha darasani mwake, na zilizobaki zina mwenyewe. Mji huu, tena, hauna sababu ya kubahatisha katika kazi hii. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, na mwaka 1954 kikatoka kitabu chake Kielezo cha Insha. Aliona kwamba insha ni kazi inayostahili kielezo, sawasawa na shairi.

Na shairi lenyewe halikosi. Siku ya Ijumaa ni siku ya ngonjera. Watanzania wengi tunaijua ngonjera ya sherehe za shule, watoto wamevaa sare, wanajibizana mbele ya mgeni rasmi. Mshairi Mathias Mnyampala ndiye aliyeisimamisha katika maandishi, na vitabu vyake vya Ngonjera za Ukuta vilipochapwa mwaka 1970 na 1971 shule zikavipokea kwa mikono miwili. Lakini kwa kawaida maneno hutungwa na mwalimu, mtoto kazi yake ni kukariri. Mwalimu huyu ameligeuza jambo. Aliwagawa watoto pande mbili, huku karabai, huku taa ya sola ambayo wavuvi wengine wameanza kuitumia, akawataka wabishane kwa beti za tarbia: mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane kwa nane.

Upande wa karabai ukaanza: "Mimi ndimi wa zamani, baba yako anijua." Watoto wakahesabu kwa vidole juu ya madawati, nane, nane, imetimia. Upande wa sola ukajibu: "Na mimi sili mafuta, jua tu hunilisha." Makelele. Imepungua! Wakahesabu tena, ju-a-tu-hu-ni-li-sha, saba. Wakatafuta. Mmoja akasema "jua lake", mwingine akamwambia la nani? Kisha sauti kutoka pembeni: "Jua tupu hunilisha!" Darasa zima likahesabu kwa pamoja, na ilipofika nane wakapiga meza.

Katika kuhesabu huko wanajifunza mambo ambayo somo la sarufi huchukua wiki kuyaeleza. Ulizuka ubishi mkali kama "mbuzi" na "mbwa" yana mizani sawa. Mbu-zi, mbili. M-bwa, mbili pia, lakini ile "m" ya mbwa imesimama peke yake na ile ya mbuzi imeshikana na wenzake. Mtoto wa miaka kumi na moja aliyebishana juu ya "m" ya mbwa mpaka akasimama juu ya benchi hatakuja kuandika neno hilo ovyo. Tena sikio lake limefunguka: siku nyingine, katika insha ya kawaida isiyo na mizani, nilimwona mmoja akiisoma sentensi yake kwa kunong'ona, anaipunguza neno, anaisoma tena.

Usiku wa siku hiyo Mwalimu alikuwa na madaftari 64 ya kusoma. Hayo hayakwepeki, na hakuna mbinu itakayoyapunguza. Alichonacho ni kwamba anataka kuyasoma. Aliniambia kwamba hapo zamani alikuwa akisahihisha insha zilizofanana mpaka anasinzia. Siku hizi hulifungua kila daftari akiwa hajui atakutana na nini.

Kitu kimoja tu kinamkwaza, nacho kiko ndani ya uwezo wa shule. Kipindi cha madarasa ya juu ya shule ya msingi ni dakika 40. Karabai ikishawekwa mezani, watoto wakishaulizana na kusimuliana, zimebaki dakika kumi na tano za kuandika, na kengele inalia pale mtoto alipoanza kuona mbele. Ngonjera na usomaji wa barua za Lushoto huvifanya kwa kuomba muda wa mwalimu mwenzake wa somo jingine, naye humpa kwa hisani tu.

Walimu wakuu na walimu wa taaluma mnaopanga ratiba kabla ya Januari, nawaombeni: mpeni mwalimu wa Kiswahili vipindi viwili vinavyofuatana, mara moja kwa wiki, na viandikwe Insha kwenye ratiba, ili asivipate kwa kuombaomba. Havihitaji bajeti. Vyombo vya kazi watoto watakuja navyo wenyewe kutoka nyumbani.